Tiba ya CAR-T kwa saratani ya damu: je, yaweza kujulikana mapema itamfaa mgonjwa kwa muda gani?

SWALI: Shikamoo daktari. Tuko Mombasa. Baba yetu ana miaka 61 na aligunduliwa limfoma ya seli B kubwa, saratani ya chembe za kinga. Alimaliza mizunguko 6 ya kemo iitwayo R-CHOP, ugonjwa ukaondoka, lakini umerudi baada ya miezi 8. Tumeambiwa kuna tiba ya seli za kinga, CAR-T, huko Mumbai. Tukiuliza itamfaa kwa muda gani, mmoja anatuambia "miezi sita", mwingine anatuambia "watu wanapona kabisa". Tunataka kuuza kiwanja cha Mtwapa tumpeleke. Hakuna kipimo cha kutuonyesha mapema? Na mdogo wangu anauliza kama anaweza kumtolea baba seli zake.

JIBU: Marahaba, dada. Poleni kwa kuuguza. Nianze na hayo majibu mawili, maana waliowaambia hawakuwadanganya. Kila mmoja ameshika ncha moja ya jambo lile lile.

Utafiti ulioifungulia njia tiba hii kwa ugonjwa wa baba yenu unaitwa ZUMA-1. Wagonjwa 101 ambao kemo ilishawashinda walipewa seli ambazo leo zinauzwa kwa jina la Yescarta, na Marekani ikaziidhinisha Oktoba 2017. Zaidi ya watu 8 katika kila 10 walipata nafuu, na zaidi ya nusu ya wagonjwa wote hawakuonekana na ugonjwa tena kwenye picha. Baadaye hesabu ikabadilika. Kabla miezi 6 haijatimia, nusu yao walikuwa wamerudiwa na ugonjwa, au umezidi, au wamefariki. Hiyo ndiyo "miezi sita" mliyoisikia. Lakini walipohesabiwa tena baada ya miaka 5, karibu asilimia 43 walikuwa hai, na takriban watu 3 katika kila 10 walikuwa bado katika nafuu. Hao ndio "wanaopona kabisa".

Ukiyaweka haya kwenye mchoro, mstari unaporomoka kwa kasi miezi 6 ya kwanza, kisha unalala karibu tambarare kwa miaka. Maana yake ni kwamba, kwa limfoma ya aina hii, tiba haimpi kila mtu kipimo fulani cha miezi halafu ikaisha nguvu. Inawagawa watu makundi mawili, na inawagawa mapema. Kwa hiyo swali lenu ningeligeuza hivi: baba ana dalili za kuangukia kundi gani, na ni lini tutajua kwa hakika ameangukia lipi? Hilo lina majibu, ingawa hayatoki kwenye kipimo kimoja.

Kabla sijaendelea, tahadhari kwa mnaosoma mitandaoni usiku. Takwimu za saratani moja ya damu msizivalishe nyingine. Katika mailoma, ile saratani ya seli plazma inayokula mifupa, mstari haulali tambarare namna hiyo. Unaendelea kuteremka, na kinachotofautiana ni kasi. Seli za Abecma, mojawapo ya CAR-T za mailoma, katika utafiti wake mkuu ziliwapa wagonjwa miezi 8.8 kwa kadirio la katikati kabla ugonjwa haujasonga mbele. Za Carvykti, CAR-T nyingine ya mailoma, ziliwapa miezi 34.9. Hata hivyo, kati ya wagonjwa 97 wa Carvykti, 32 walifikisha miaka 5 bila ugonjwa kusonga na bila dawa nyingine ya mailoma, jambo ambalo miaka 10 iliyopita ningelisikia ningedhani ni matangazo ya biashara. Lukemia ya watoto, saratani ya chembe nyeupe za damu, nayo ina mchoro wake. Ukikuta mtu anasema "CAR-T inadumu miaka kadhaa" bila kutaja ugonjwa, mpite.

Sasa tiba yenyewe kwa kifupi. Wanachukua seli T za mgonjwa, yaani askari wa kinga yake, kwa mashine, wanazipeleka maabara, na kwa kutumia kirusi kilichoondolewa madhara wanazipandikizia kipokezi kinachoitambua protini CD19 iliyo juu ya seli B, nzima na za saratani. Zinakuzwa, mgonjwa anapewa siku chache za fludarabini na saiklofosfamidi ili kuzipatia nafasi, kisha zinarudishwa kwa dripu. Zikishaingia zinazaliana mwilini. Ndiyo maana kutabiri ni kugumu: dawa hii ni hai, na ubora wake unatokana na mgonjwa mwenyewe.

Viashiria vinavyotabiri vizuri kabla ya seli kuingia ni vya kawaida mno. Si vipimo vya jeni vya bei kubwa. Cha kwanza ni wingi wa ugonjwa siku ile seli zinapoingia, unaopimwa kwa picha ya PET na kwa kimeng'enya LDH kwenye damu. Cha pili ni inflamesheni, yaani mwili kuwa katika vita vya ndani kwa ndani hata kama mgonjwa hana homa. Hiyo inaonekana kwa CRP na feritini, protini mbili zinazopimwa kwenye damu. Cha tatu ni nguvu za mgonjwa: anajihudumia mwenyewe, au muda mwingi yuko kitandani? Madaktari wa hospitali 17 za Marekani walipokusanya taarifa za wagonjwa wao wa Yescarta nje ya utafiti rasmi, LDH ya juu na udhaifu wa mwili ndivyo vilivyoambatana na nafuu fupi na maisha mafupi.

Kuna alama inayoitwa CAR-HEMATOTOX, iliyotungwa na timu ya Munich, Ujerumani, na kuchapishwa mwaka 2021. Inatumia vitu 5: hemoglobini, chembe sahani, nyutrofili (aina ya chembe nyeupe), CRP na feritini. Ilitungwa kukadiria nani damu yake itachelewa kujijenga upya baada ya tiba, lakini imeonekana pia kuambatana na nani atapata nafuu ya kudumu. Ninaipenda kwa sababu moja: vipimo vyote hivyo vinafanyika Mombasa, na mnaweza kwenda navyo mkononi. Hospitali ya Memorial Sloan Kettering ya New York nayo mwaka 2025 ilitoa mfumo wa kompyuta uitwao InflaMix, unaosoma vipimo 14 vya damu vya kabla ya tiba. Ulijengwa kwa wagonjwa 149 kisha ukajaribiwa kwa wengine 688 wa limfoma, na wale uliowatambua kuwa na inflamesheni kubwa ndio waliofanya vibaya zaidi. Jambo ni lile lile, limepimwa kwa makini zaidi.

Nisisitize hapa, maana nimeona familia zikifunga mizigo kurudi nyumbani kwa sababu ya karatasi moja ya LDH. Alama hizi zinazungumzia makundi. Mgonjwa mwenye alama mbaya si kwamba hatapona. Yuko katika kundi ambalo wanaopona ni wachache zaidi, na wapo. Sijui daktari makini anayemnyima mtu CAR-T kwa alama peke yake. Tunachofanya nazo ni kujiandaa: kupunguza ugonjwa kwa mionzi au dawa za muda wakati seli zinatengenezwa, kufuatilia kwa karibu zaidi, kupanga mapema hatua inayofuata. Wanaoitikia dawa hizo za muda hufanya vizuri zaidi baadaye, ingawa sehemu ya sababu ni kwamba ugonjwa unaoitikia ni mpole tangu awali.

Seli zenyewe nazo zina siri yao. Mwaka 2020 watafiti wa MD Anderson, Texas, walichunguza mifuko ya seli za CAR-T zilizotengenezwa kwa wagonjwa 24 wa limfoma, seli moja baada ya nyingine. Waliopata nafuu kamili, mifuko yao ilikuwa na mara 3 zaidi ya seli T za CD8, yaani zile za kuua, zenye sifa za kumbukumbu. Ya wengine ilijaa zaidi seli zilizochoka. Ni kama mchezaji: aliyeingia kipindi cha pili ana mapafu, aliyekimbia dakika 90 hata akiwa na ufundi hafiki kwenye mpira. Kipimo hiki hamtakiona kwenye orodha ya bei ya hospitali, ni kazi ya maabara za utafiti. Lakini kina somo la vitendo, kwa sababu kinachochosha seli T za baba ni pamoja na dawa anazopewa kabla ya kuzikusanya.

Basi muulizeni daktari wenu wa sasa kama anafikiria kumpa bendamustini. Ni dawa nzuri ya limfoma, lakini ikitolewa miezi ya karibuni kabla ya seli kukusanywa, matokeo ya CAR-T hushuka. Kama Mumbai ni mpango wa kweli, waongee wao kwa wao kabla ya dripu inayofuata. Hata simu moja inatosha.

Na kuna hesabu ya wakati. Baba yenu alirudiwa na ugonjwa ndani ya mwaka 1 tangu R-CHOP. Kundi hilo hasa ndilo lililochunguzwa katika ZUMA-7: wagonjwa 359 ambao R-CHOP au mfano wake haikuwashika, au ugonjwa ulirudi ndani ya miezi 12, wakagawanywa kwa kura. Nusu walipewa CAR-T moja kwa moja, nusu wakapangiwa kemo nyingine na kupandikizwa uboho wao wenyewe kama ilivyokuwa desturi. Baada ya miezi 24, waliokuwa wameendelea vizuri bila tukio baya ni asilimia 41 upande wa CAR-T, na 16 upande wa pili. Baada ya miaka 4, waliokuwa hai ni asilimia 54.6 dhidi ya 46. Kwa maoni yangu hii ndiyo takwimu muhimu kuliko zote kwenu. Kwenda sasa, badala ya kungoja kemo ya pili ishindwe, naona kuna uzito kuliko kipimo chochote cha bei mbaya.

Jambo moja dogo kuhusu antibiotiki. Mwaka 2022 watafiti wa New York na Philadelphia waliangalia wagonjwa 228 wakaona kwamba waliopewa piperasilini-tazobaktamu, meropenemu au imipenemu katika wiki 4 kabla ya seli kuingia waliishi muda mfupi zaidi. Wanashuku bakteria wa tumboni wanahusika. Lakini kumbukeni, anayepewa meropenemu kwa kawaida ameshakuwa mgonjwa zaidi. Baba akipata homa chembe nyeupe zikiwa chini, apewe dawa bila kubishana. Ninachowaomba ni msimnunulie antibiotiki kali dukani "kwa tahadhari".

Baada ya seli kuingia, utabiri unaanza kuwa na meno. Siku za kwanza seli zinazaliana, na wengi hupata homa, shinikizo la damu kushuka, pengine kuchanganyikiwa. Watu hupenda kuamini homa kali ndiyo dalili kwamba dawa imeshika. Msiitegemee: wapo walioumwa sana ugonjwa ukarudi, na wapo ambao hawakuumwa sana wakapona. Kinachoelekea kuwa na maana ni seli zilivyoongezeka zikilinganishwa na ugonjwa zilioukuta. Seli nyingi mbele ya uvimbe mdogo ni habari njema. Idadi ile ile mbele ya uvimbe mkubwa haitoshi.

Picha ya PET ya siku ya 30 ndiyo ya kwanza kusomwa kwa uzito. Ikiwa safi, furahini, lakini kiwanja cha pili msikiuze kwa sherehe. Ikiwa nusu safi, msilie bado: katika ZUMA-1 takriban theluthi ya waliokuwa na nafuu ya sehemu mwezi wa kwanza walifikia nafuu kamili baadaye bila dawa nyingine. Picha ya miezi 3 ina uzito zaidi, na ya miezi 6 zaidi ya hapo. Anayefika miezi 6 akiwa safi kabisa ana nafasi kubwa ya kubaki hivyo, na akifika miaka 2 wengi wetu tunaanza kutumia neno "kupona" bila kunong'ona. Hilo ndilo jibu la "tutajua lini".

Mtasikia pia kwamba lazima seli za CAR-T zibaki mwilini ili nafuu idumu. Kwa lukemia ya watoto ni kweli kwa kiasi kikubwa. Seli hizi zinaua seli B zote, kwa hiyo mtoto asiye na seli B ana walinzi kazini. Seli B zikirudi kabla ya miezi 6, madaktari wanashtuka, wengine huanza kuandaa upandikizaji wa uboho. Kwa limfoma hali ni tofauti: kati ya wagonjwa wa ZUMA-1 waliokuwa bado wazima baada ya miaka 2, takriban robo tatu walikuwa na seli B zilizokwisharudi. Kwao yaelekea kazi ilimalizika miezi ya mwanzo. Kwa hiyo mkipimwa mkaambiwa "seli za CAR-T hazionekani tena" mwaka wa pili, msichukulie kuwa ni kengele ya hatari.

Kisa maarufu cha seli zilizodumu mwilini ni cha Doug Olson na Bill Ludwig, Wamarekani waliotibiwa Chuo Kikuu cha Pennsylvania mwaka 2010 kwa lukemia sugu ya limfositi, ambayo huwapata zaidi watu wazima. Zaidi ya miaka 10 baadaye seli zao za CAR-T zilikuwa bado zimo, na cha kushangaza wengi wa walinzi hao walikuwa seli za CD4, ambazo kwa kawaida tunazijua kama wasaidizi, zikiwa zimejifunza kuua. Mwaka 2024 timu ya Yale ikiongozwa na Rong Fan, pamoja na wenzao wa Pennsylvania, ilichapisha katika jarida la Nature uchunguzi wa karibu seli 700,000 kutoka kwa wagonjwa 82 wa lukemia ya watoto waliotibiwa katika majaribio ya kwanza kabisa ya ugonjwa huo. Walitafuta kilichowatofautisha wale ambao seli zao zilidumu kwa kadirio la katikati la miaka 8.4. Wakakuta kwamba mifuko yao ilikuwa na seli nyingi zaidi zenye uwezo unaoitwa wa aina ya 2, zinazotoa IL-4, IL-5 na IL-13. Hizo ni kemikali tulizozoea kuzihusisha na pumu, mzio na minyoo, si na kuishinda saratani. Sasa kuna wanaojaribu kuziongeza seli za namna hiyo wakati wa kutengeneza dawa. Kwa baba yenu leo haibadilishi kitu, lakini ndiko utabiri unakoelekea: kutoka kuusoma mfuko hadi kuuboresha.

Turudi Mumbai. Kama mnachoelekezwa ni NexCAR19, hiyo ni CAR-T ya kwanza ya India, iliyozaliwa kwenye chuo cha IIT Bombay na hospitali ya Tata Memorial na kuidhinishwa Oktoba 2023. Bei iliyotajwa mwanzoni ilikuwa takriban dola 50,000, wakati Yescarta ilianza Marekani kwa dola 373,000 kabla ya gharama za hospitali. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 yalihusu wagonjwa 64, na asilimia 73 ya walioweza kutathminiwa waliitikia. Lakini si seli zile zile za ZUMA-1. Yescarta ina kichocheo kiitwacho CD28, kinachozifanya seli ziibuke kwa kasi. NexCAR19 ina kichocheo kingine, 4-1BB, na seli za namna hiyo huibuka taratibu na huelekea kukaa zaidi. Kwa hiyo takwimu za miaka 5 nilizowapa zichukueni kama ramani ya umbo la ugonjwa, msizichukue kama ahadi ya dawa hiyo.

Mkiongea na hospitali msiulize "asilimia ngapi wanaitikia", kwa sababu hilo ni swali la mwezi wa kwanza. Ulizeni: kati ya wagonjwa wenu wenye limfoma ya seli B kubwa, wangapi walikuwa bado safi kabisa mwezi wa 6 na wa 12? Inachukua siku ngapi tangu kukusanya seli hadi kuzirudisha, na ugonjwa ukikua katikati mtafanya nini? Kama seli zikishindwa kutengenezeka, malipo yanakuwaje? Hospitali nzuri haichukii maswali haya. Inayojibu kwa kuwaonyesha picha za wagonjwa wanaotabasamu, mimi ningeiogopa.

Kuhusu kiwanja, sina haki ya kuwaamulia. Ila msitumie pesa yote kwa seli. Baba atahitaji kukaa karibu na hospitali takriban mwezi baada ya dripu, kisha picha za miezi 3 na 6, vipimo vya damu kila mara, na pengine dripu za imunoglobulini (kingamwili) kwa sababu kinga yake ya maambukizi itakuwa chini kwa miezi. Virusi vya homa ya ini B na TB vipimwe kabla ya kuondoka. Tangu mwaka 2024 Marekani pia inataka dawa hizi ziwe na onyo kuhusu saratani mpya ya seli T, ambayo ni nadra, lakini ndiyo sababu ya kufuatiliwa kwa maisha yote.

Mdogo wako mwambieni ahsante, lakini seli zinazotumika ni za baba mwenyewe. Za ndugu hazifanyi kazi hiyo katika dawa zilizopo sokoni. Kama anaweza kuacha shughuli zake kwa wiki 4 hadi 6, asafiri naye. Wanahitaji mtu wa kukaa na mgonjwa usiku na mchana, na kazi yake moja kubwa itakuwa kumwomba baba kila siku aandike sentensi moja kwenye daftari na kuhesabu kurudi nyuma, 100, 90, 80, ili kule kuchanganyikiwa nilikotaja kugundulike mapema. Mwandiko ukianza kupotoka au hesabu ikikwama, hata kama baba anasisitiza kwamba amechoka tu, amwite muuguzi saa ile ile.